Mzinduzi Haugui

Ngwali Mshindo hakuwa na gari, hakuwa na shamba la minazi, hakuwa na shahada wala mjomba wizarani. Hakuwa na kitambi, na kwa sababu hiyo watu hawakumwamkia mpaka waelezwe cheo chake. Hakuwa na magego mawili ya upande wa kulia. Hakuwa na rafiki wa kumwambia siri, kwa kuwa alifanya kazi Ikulu. Na tangu masika yaliyopita alikosa kitu kimoja ambacho hata mbuzi wa maskini amejaliwa: hakuweza kukojoa akamaliza.

Hayo mengine yote aliyavumilia kiume. Hili la mwisho ndilo lililomtoa jasho.

Kazi yake ilikuwa kubwa kwa kuitazama na ndogo kwa mshahara. Alikuwa Mbeba Mwavuli wa Taifa. Mkuu wa nchi aliposimama kuhutubia, Ngwali alisimama nyuma ya bega lake la kushoto, mwavuli juu, uso mkavu, na hakuruhusiwa kuondoka mpaka hotuba iishe. Mbeba mwavuli aliyemtangulia aliwahi kupiga chafya katikati ya neno "maendeleo". Siku hizi analinda mnara wa taa kwenye kisiwa kisicho na meli.

Nchi yenyewe iko mbali sana na kwetu, na msomaji asijisumbue kuitafuta katika ramani. Huko mkuu wa nchi huitwa Mtukufu Mzinduzi, na jina hilo hakulipata bure. Sheria ya kwanza ya nchi inasema kwamba kitu chochote kipya kisitumiwe na mtu yeyote kabla Mtukufu hajakizindua. Na kuzindua si kukata utepe na kwenda zake, kama wafanyavyo viongozi wavivu wa nchi nyingine. Kuzindua ni kutumia. Kisima kikichimbwa, Mtukufu hunywa kata ya kwanza. Shule ya chekechea ilipofunguliwa, alijibana kwenye kiti cha mtoto akasoma a, e, i, o, u, na magazeti yakasifu matamshi yake. Wodi ya wazazi ilipokamilika alilazwa kitanda cha kwanza kwa robo saa, akatoka mikono mitupu, na Waziri wa Afya akawaeleza wananchi kwamba mtoto aliyezaliwa ni taifa zima.

Mochwari mpya tu ndiyo iliyoleta mgogoro. Kila ofisa aliyeambiwa aandae ratiba ya uzinduzi wake aliomba uhamisho siku hiyo hiyo. Mpaka leo imefungwa kwa utepe mwekundu. Maiti wanapelekwa ile ya zamani, nao hawajalalamika.

*

Ngwali aliingia kliniki ya wanaume ya Hospitali Kuu akiwa amevaa miwani ya jua na kofia ya mtu mwingine. Kliniki ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, na mlangoni paliandikwa "Ofisi ya Ushauri wa Michezo". Bila kibao hicho hakuna mwanaume ambaye angeusogelea mlango ule. Hata kikiwepo, waliousogelea walikuwa haba. Ndani alikuwamo Daktari Bahati Nyendo, mwanamke aliyesomea magonjwa ya njia ya mkojo ng'ambo, akarudi nyumbani kwa mapenzi ya nchi, na sasa alikuwa na muda mwingi wa kufuma vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikuja kwa ajili yangu. Nina ndugu yangu mmoja."

"Huyo ndugu yako ana nini?"

"Akienda haja ndogo anasimama kama mtu anayemngoja mgeni asiyekuja. Kisha yanatoka matone mawili, matatu. Akigeuka tu, hamu inarudi."

"Na leo?"

"Leo hata hayo matone hayakuja."

"Pole zake. Na mbona wewe umeishika meza yangu kwa mikono miwili, na jasho linakutoka kama umebeba gunia?"

Ngwali alikuwa ameng'ata meno yote aliyobakiwa nayo.

"Panda kitandani, mzee wangu," alisema daktari. "Tumsaidie ndugu yako."

Akampitishia mpira mwembamba wa mkojo. Ngwali, aliyekuwa ameapa kutolia mbele ya mwanamke, alilia. Lakini yalikuwa machozi ya mtu aliyefunguliwa mlango wa gereza. Daktari akamfunga mfuko wa mpira ule pajani, akampima damu na mkojo, akamketisha.

"Si saratani. Nimekuangalia vizuri. Ni tezi dume imekuwa kubwa. Sote tunajua bomba la mpira la bustani: mtu akilikanyaga, maji hayapiti. Tezi yako imelikanyaga bomba. Zamani tungekupasua. Siku hizi kuna mashine ya mvuke. Tunaingiza kijiti chembamba, tunapuliza mvuke wa maji ndani ya tezi kwa muda mfupi sana, kisha tezi yenyewe inanywea taratibu wiki kwa wiki. Mtu anarudi nyumbani siku ile ile."

Ngwali alitazama dari. "Na yale... mambo ya nyumbani?"

"Kwa walio wengi yanabaki pale pale walipoyaacha. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa."

"Basi nitie huo mvuke sasa hivi. Mashine iko wapi?"

Daktari alifungua mlango wa pembeni. Mashine ilikuwa pale, mpya, ikiwa imefunikwa kitambaa cha satini cha rangi ya bendera. Kiunoni ilikuwa imefungwa utepe.

Wote wawili waliutazama ule utepe kama watu wanaomtazama nyoka.

"Imekaa hivyo tangu mwaka jana," alisema daktari. "Mzee, nikwambie kweli. Mkojo umekuwa ukirudi nyuma muda mrefu, na figo zako hazijui itifaki. Mpira huu ni wa kukushikilia tu, kisha utaleta maradhi mengine. Mvua za vuli zisikukute hujatibiwa. Zikikukuta, sikuahidi kitu."

*

Hapa inafaa kueleza jinsi nchi ile ilivyoushinda ugonjwa wa tezi dume, kwani ni sifa ambayo mataifa mengi yanaitamani.

Waziri wa Afya, Mheshimiwa Magoma Tele, aliziandikia hospitali zote akitaka kujua ni wanaume wangapi wamejitokeza na kusema wanaumwa sehemu hizo. Hospitali zikajibu kwamba hajajitokeza hata mmoja. Waziri akautangaza ugonjwa kuwa umetokomezwa, akavishwa nishani. Kwa akili ile ile akaumaliza utasa wa wanaume: katika kila nyumba isiyo na mtoto aliita mke apimwe, mume hakuitwa, na ikathibitika kisayansi kwamba wanaume wote wa nchi ile wana mbegu bora. Tangu hapo mwanaume anayesema hadharani kwamba anaumwa huko chini huwa ametenda kosa la kupinga takwimu, na adhabu yake ni kifungo.

Msomaji atauliza, basi mashine ilinunuliwa ya nini? Ilinunuliwa kwa sababu nchi jirani walikuwa nayo.

Ilipofika ndipo wakubwa walipojikuna vichwa. Haiwezi kutumika bila kuzinduliwa. Kuzindua ni kutumia. Anayeitumia lazima awe mgonjwa. Na Mtukufu haugui. Hilo liko kwenye katiba, ibara ya pili. Baraza la Mawaziri lilikaa. Waziri wa Sherehe akapendekeza kwamba, kwa kuwa mashine inatoa mvuke, Mtukufu aizindue kwa kunyooshea shati. Daktari Nyendo akaitwa kutoa maoni ya kitaalamu.

"Mashine hii si pasi," alisema.

Wakamshukuru kwa mchango wake, na suala likaahirishwa.

*

Ngwali aliendelea na kazi, mfuko ukiwa umefungwa pajani chini ya kanzu yake ya sherehe. Na kwa vile sasa hakuwa na haja ya kuhangaika na miguu yake, alianza kuitazama miguu ya Mtukufu.

Zamani Mtukufu alihutubia kuanzia umande mpaka jua la utosi, na bado akaomba radhi kwa kufupisha. Lakini mwaka ule hotuba zake zilikuwa zimefupika ghafla. Alikuwa akianza vizuri, akipanda, akipaza sauti, kisha akisimama katikati ya sentensi kama aliyeitwa, akasema "Mungu ibariki nchi yetu," akaondoka kwa hatua ndogo za haraka. Wahariri waliandika juu ya mtindo mpya wa ufupi wa kimapinduzi. Chuo kikuu kilianzisha kozi yake. Ngwali, aliyekuwa karibu kuliko maprofesa wote, aliona yale magoti yakisuguana, akajua. Dawa ya moto aijuaye ni aliyeungua.

Siku ya Taifa ikafika. Jeshi lilianza kupita mbele ya jukwaa. Chini ya mwavuli palikuwa mahali pekee katika nchi nzima ambapo mtu angeweza kunong'ona na Mtukufu bila kurekodiwa, kwa kuwa vinasa sauti vilikatazwa kumkaribia.

"Ngwali," alisema Mtukufu bila kugeuza kichwa, akiwapungia askari.

"Labeka, Mtukufu."

"Gwaride hili lina mwisho?"

"Bado kikosi cha mbwa, Mtukufu. Kisha ngamia."

"Nani aliyeleta ngamia?"

"Uliwazindua mwenyewe, Mtukufu. Ulimpanda wa kwanza."

Mtukufu aliguna. Mguu wake wa kulia ulikwenda kuusalimia wa kushoto. "Wewe wakati wa masika ulikuwa unachezacheza hapa nyuma kama kuku mwenye yai. Leo umesimama kama nguzo. Unakula nini?"

Ngwali aliona kifungo, akaona na figo zake. Akachagua figo.

"Sili kitu, Mtukufu. Nina mpira wa mkojo. Unateremka mpaka kwenye mfuko, uko hapa pajani."

Kikosi cha bendi kilipita. Mtukufu alipiga saluti.

"Yaani unaweza... ukiwa umesimama hapa hapa?"

"Ninaendelea hivi sasa, Mtukufu. Tangu kwenye wimbo wa taifa."

"Mwanaharamu mkubwa wewe!" alinong'ona Mtukufu, kwa sauti iliyojaa wivu mtupu. Akawapungia mbwa mpaka wote wakapita. Kisha akasema polepole, "Ninaye rafiki yangu mmoja. Mtu mzito. Naye anasumbuliwa kidogo. Lakini hawezi kutibiwa. Kwa cheo chake haugui."

"Mtukufu, huyo rafiki asitibiwe. Azindue tu."

Ngamia wa kwanza alipokanyaga uwanjani, Mtukufu Mzinduzi alikuwa anatabasamu.

*

Uzinduzi ulifanywa wiki ile ile, ukatangazwa moja kwa moja redioni. Ngoma zilipigwa nje ya chumba cha kufulia. Mtangazaji alinyenyekea mpaka sauti ikakwaruza: "Mtukufu ameingia. Mtukufu anapanda kitandani bila kusaidiwa. Mtukufu amelala chali, kizalendo kabisa. Ndugu wananchi, mvuke unaingia!" Wananchi wakapiga makofi, ingawa hawakuambiwa unaingia wapi.

Taarifa rasmi ilikuwa ya mstari mmoja: Mtukufu hakutibiwa, amezindua. Waliouliza tofauti yake walieleweshwa kituo cha polisi.

Baada ya mwezi hivi hotuba zilirudi. Aliyokuwa ameyakatiza mwaka mzima yote aliyasema, tena kwa mpangilio. Watu walisimama uwanjani mpaka vivuli vikabadili upande, vibanda vya chai vikafilisika maji, na ile kozi ya ufupi ikafutwa chuoni. Na Ngwali akabaki nyuma yake, mwavuli juu, mfuko ukijaa.

Aliamini zamu yake ni kesho. Lakini Makamu wa Mtukufu aliomba, kwa heshima na taadhima, aruhusiwe kufanya uzinduzi wa pili. Akafuata Spika. Wakafuata majenerali, mmoja akibebwa. Ikaonekana kwamba katika nchi isiyo na ugonjwa ule palikuwa na wazinduzi wengi mno. Mheshimiwa Magoma Tele mwenyewe alizindua asubuhi na mapema, akiwa amevaa nishani yake ya kuutokomeza.

Ngwali alikwenda mlangoni. Askari alikuwa na bunduki na meza.

"Kadi ya mwaliko?"

"Sina. Ila ushauri wa jambo hili lote ulitoka kwangu."

"Hongera. Cheo?"

"Mbeba Mwavuli wa Taifa."

Askari alipekua orodha. "Daraja la tisa. Mwisho wa kuzindua ni daraja la nne."

"Kijana, mimi sitaki kuzindua. Mimi naumwa."

Askari akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mzee, hilo neno sijalisikia. Ondoka kabla sijalisikia."

Ikabaki njia ya mwavuli. Kesho yake, hotuba ilipofika kwenye sehemu ya makofi, Ngwali alinong'ona, "Mtukufu, nisaidie niingie kwenye ile mashine. Daktari anasema figo zinachoka."

Mtukufu aliendelea kupunga mkono. Alikuwa amenona, na miguu yake ilikuwa imetulia kama ya meza.

"Figo zinachoka kwa ugonjwa gani, Ngwali?"

"Ule ule, Mtukufu. Wetu."

"Wetu?" Sauti ilikuwa baridi. "Ugonjwa huo nchini haupo. Unataka kupinga takwimu?"

"Lakini Mtukufu naye—"

"Mimi nilizindua," alisema Mtukufu Mzinduzi, akakigeukia kipaza sauti.

*

"Vipimo vya figo vimeshuka," alisema Daktari Nyendo. Nje mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa alichokifuma. "Mzee wangu, ipo njia moja. Ipo kanuni ya zamani ya hospitali, imesahaulika kufutwa. Inasema mgonjwa akijitaja kwa barua, kwa jina lake na kwa ugonjwa wake, asikataliwe. Haijatumika, kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kuandika barua hiyo. Iandike, nami nitaipeleka kwa yule askari kwa mkono wangu. Wakinifukuza kazi baadaye, tayari nitakuwa nimekutibu."

"Nikuletee mkononi?"

"Mkononi bila stempu wataichana. Itie posta. Stempu ina uso wa Mtukufu. Nani atathubutu kuuchana uso huo?"

Ngwali alirudi nyumbani, akakaa mezani na kalamu. Mkewe, Mama Shani, alikuwa anasonga ugali huku akimtazama kwa pembe ya jicho. Mwandishi huyu wa barua alikuwa mtu wa fahari. Tangu masika hakuwa amemwambia mkewe neno. Mfuko aliuficha kwa kulala na kanzu, akisingizia baridi katika nyumba ya bati.

"Unaandika nini, Baba Shani?"

"Mambo ya kazi."

Mama Shani akaja, akachungulia begani, akasoma kwa sauti: "'Napenda kutoa taarifa ya usumbufu mdogo uliojitokeza katika maeneo ya kusini.' Kusini wapi? Unaomba matibabu au unatangaza hali ya hewa?"

Ngwali aligeuka kama mwizi. "Nani amekwambia mambo ya matibabu?"

"Mume wangu, choo chetu ni cha bati. Masika yote nilikuwa nikisikia tone, kimya, tone, kimya. Nikasema huyu anakojoa au anahesabu? Halafu ghafla ukaanza kulala na kanzu. Nilingoja uniambie. Nikaona mwenzangu una siri na serikali, lakini kumbe una siri na mimi."

Ngwali alitazama karatasi. "Niliona haya," alisema, "na sasa figo zinachoka."

"Haya ina figo?"

"Watanifunga, Mama Shani."

"Wakufunge ukiwa mzima, nitakuletea chakula. Wakinipa maiti nitaipeleka wapi, na mochwari ina utepe?" Alisema kwa mzaha, lakini mwiko aliuweka chini. "Andika neno lenyewe."

Ngwali aliichana ile barua, akaanza nyingine. Aliandika kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kila herufi imesimama peke yake:

"Daktari Nyendo. Mimi, Ngwali Mshindo, mbeba mwavuli, ni mgonjwa. Tezi dume yangu imekuwa kubwa na mkojo hautoki bila mpira. Sikuja kuzindua kitu. Naomba nitibiwe."

"Isome," alisema mkewe.

Akasoma. Kwenye neno lile sauti ilikatika. Mama Shani akaingoja, hakucheka, nayo ikarudi.

Gundi ya bahasha za nchi ile haikushika hata siku moja, kwa hiyo Mama Shani alimfungia kidonge cha ugali wa moto kwenye karatasi, na mvua za kwanza za vuli zikamkuta Ngwali njiani.

Posta palikuwa na foleni ya wanaume tu. Barua za nchi ile hazifungwi nyumbani; hufungwa dirishani, baada ya kusomwa na karani, kwa usalama wa mwandishi. Karani alikuwa mzee mwenye mvi, na kengele ya kumwita polisi ilikuwa karibu na kiwiko chake. Alisoma barua ya Ngwali. Akaisoma tena. Akaangalia kengele.

"Hii inapinga takwimu, mzee mwenzangu."

"Ndiyo," alisema Ngwali, na hakunong'ona.

Foleni nzima ilisogea kusikiliza. Karani alivuta fomu ya simu ya maandishi, akaigeuza nyuma, akanakili barua yote taratibu. Ngwali alijua huo ndio ushahidi wa mahakamani.

"Hapa pa 'mbeba mwavuli'," aliuliza karani kwa sauti ya chini, miguu yake ikisuguana chini ya kaunta, "mimi niweke 'karani wa posta', siyo?"

"Weka hivyo hivyo. Na jina lako."

"Yaliyobaki yasibadilike?"

"Hata nukta."

Mtu wa pili kwenye foleni aliomba fomu. Wa tatu akaomba kalamu.

Karani akachukua kidonge cha ugali, akakipaka kwenye mdomo wa bahasha, akabana kwa dole gumba mpaka ikashika. Akabandika stempu, akagonga muhuri pembeni, mbali kidogo na pua ya Mtukufu kama sheria inavyotaka, akaitupa barua kwenye gunia la Hospitali Kuu, akalifunga kamba. Gari la posta lilikuwa linangoja nje kwenye mvua, injini inawaka.